Kidirisha cha Mkwe

"...na kaniita kwa jina langu, Bupe! Jina langu kabisa, Tusekile, kasimama mlangoni ananitazama usoni kama mtu anayetazama saa ya ukutani!"

Bupe ni muuguzi, na muuguzi aliyekaa wodi ya Tukuyu miaka sita hashangai ovyo, lakini hili lilimshangaza. Akauliza polepole, kama anayemuuliza mgonjwa anaumwa wapi, ni nani hasa huyo aliyemwita.

"Baba yako," Tusekile akanong'ona.

Alikuwa amejibanza nyuma ya kinu cha dawa, koti lake jeupe kajifunika kichwani, tumbo la miezi saba limegandamana na bomba la maji ya moto. Upande wa pili wa mashine baba mkwe wake alikuwa anatembea chumbani, anagusagusa vitu, anapiga mluzi. Tusekile hakujua kama mzee yule anaweza kupiga mluzi. Kusema kweli alikuwa hajui lolote kuhusu yeye. Tangu aolewe na Lusekelo, mwaka na miezi minne sasa, alichokuwa amekiona cha baba mkwe wake ni mikono tu, tena kuishia kwenye viwiko.

Ndivyo ukoo ule ulivyokuwa. Tukuyu nzima watu walishaacha; wakwe na wake za watoto wao wanakula meza moja, wanataniana, hakuna anayeshtuka. Ila nyumba ya mzee huyu ilikuwa imeishika mila ya zamani kwa meno. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja, wala jina lake halimtoki mdomoni. Jina lenyewe ni Gwamaka. Tunalitaja sisi, kwa sababu Tusekile asingeweza hata akiwa usingizini.

Sasa, kazi nayo ina vituko vyake. Tangu meli za dawa ziache kuja, kila tarafa ilikuwa na kinu chake, mashine ya ukubwa wa kabati la nguo: unaipa malighafi asubuhi, mchana inakupa dawa. Kinu kinataka watu wawili, mtu wa kichocheo na mtu wa kukiendesha. Mtu wa kichocheo alikuwa mzee, na nyanda za juu nzima hapakuwa na mkono kama wake. Mtu wa kukiendesha akatumwa kutoka chuoni, na wino wa cheti haujakauka: Tusekile. Mwaka uleule akaolewa na mtoto wa mzee. Basi ikabidi ukuta utobolewe. Kikawekwa kidirisha kidogo chenye mlango huku na mlango kule. Mzee anaweka chupa zake upande wake, anagonga mara moja. Tusekile anafungua upande wake, anachukua. Walifanya kazi hivyo mwaka mzima, wakavunja rekodi za mkoa, na hawajawahi kuambiana hata habari za asubuhi.

Halafu leo, Jumamosi saa tatu asubuhi, mzee kaingia kwa mlango wa mbele.

"Anafanya nini saa hizi?" Bupe akauliza.

"Anapiga mluzi."

"Na mikono yake?"

Tusekile akachungulia kwenye upenyo, akatazama pale tu alipozoea kutazama. Miezi mitano mikono ile ilikuwa inatetemeka kama ya mtu aliyetolewa kwenye maji ya baridi. Ugonjwa wa mtetemo ulikuwa umeshika wengi mwaka ule. Jumanne mzee na wengine sita wakapewa dawa, na dawa hiyo Tusekile ndiye aliyeipika. Sasa mikono ilikuwa imetulia tuli, imebeba kopo la chumvi la maabara, inalisoma.

"Imetulia."

"Basi amepona, wifi. Toka huko nyuma kabla hujajifungulia kwenye bomba."

"Tusekile, mwanangu," mzee akasema kutoka huko, kwa sauti ya kawaida kabisa, "viatu vyako naviona. Ukimaliza na Bupe, mwambie nimekula mayai matatu."

Tusekile akakaa chini.

* * *

Bupe alifika baada ya nusu saa, akamchukua baba yake, akamkalisha kwenye benchi la nje na kikombe cha chai, kisha akarudi ndani akafunga mlango. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho Tusekile hakukielewa. Wifi yake huyu kwa kawaida anaingia na matusi ya mapenzi mdomoni, anamwita Tusekile profesa wa sufuria. Leo alianza na habari za wagonjwa.

Kumbe si mzee peke yake. Wote saba mtetemo umewaacha, na wote saba wamekuwa watu wa ajabu. Mwalimu mstaafu mmoja Alhamisi alisimama katikati ya mazoezi ya kwaya akamwambia kiongozi, kwa upole tu, kwamba miaka kumi na moja anaimba kama mlango usiotiwa mafuta. Mama wa vitumbua anamtajia kila mteja siku ambayo mafuta yake yalibadilishwa mara ya mwisho. Kuna mwanamume mmoja mpole, fundi cherehani, alimfuata jirani yake mjane akamweleza kila kitu tangu mwaka waliosoma darasa la nne. Hawakuchanganyikiwa. Wanajua tarehe, wanajua majina, hesabu wanapiga. Kilichowatoka ni kimoja tu.

"Haya," Bupe akasema. "Hawana haya, wifi. Imetoka yote, kama jino."

Tusekile akamwambia dawa ya mtetemo haifanyi hivyo. Imeshatumika miaka minne, inatuliza mikono basi, haimgusi mtu ndani. Bupe akainua mabega. Hapohapo simu ya Tusekile ikaita, na ni bwana mifugo, analalamika. Ile dawa ya kupe aliyochukua Jumatatu ina nini? Kupe wanatembea juu ya ng'ombe kama wako harusini.

Hapo ndipo Tusekile akaunganisha mambo.

Maana dawa ya mtetemo na dawa ya kupe ni dawa moja. Vitu vilevile, idadi ileile: kaboni moja katikati, na pembeni yake vitu vinne visivyofanana, kimojawapo ni naitrojeni, ambayo ndiyo yenye kazi yote. Tofauti ni namna vilivyopangwa. Chukua kandambili zako mbili, zote ni mpira uleule, rangi ileile, namba ileile, lakini vaa ya kushoto mguu wa kulia uone utakavyotembea. Dawa ya watu ni ya kulia. Ya ng'ombe ni ya kushoto. Ukizipika hivihivi tu zinatoka nusu kwa nusu, mchanganyiko usiofaa kwa mtu wala mnyama. Ndiyo maana kuna kichocheo. Kichocheo ni kama kalibu ya fundi viatu: kinaishikilia ile naitrojeni kwa upande mmoja tu, basi kila inayopita hapo inatoka mguu mmoja, maelfu kwa mabilioni, na kalibu yenyewe haiishi. Mzee alikuwa anatengeneza kalibu mbili, ya kulia na ya kushoto, kila moja kwenye chupa yake nzito yenye koti la chuma. Kwenye vinu vingine chupa huandikwa. Ila kichocheo hiki kilikuwa kimepewa jina la aliyekibuni, mzee mwenyewe, na Tusekile asingeweza kulisoma wala kulitamka, kwa hiyo Bupe aliwapatanisha tangu mwanzo: hakuna maandishi, ya watu itakaa kulia, ya ng'ombe kushoto.

Kulia kwa nani? Hilo Tusekile alilijua siku ya kwanza kwa kupima. Kulia kwa mzee. Yaani kwake yeye, upande wa pili wa ukuta, ni kushoto. Basi kila Jumatatu alikuwa anaingiza mikono kwenye kidirisha na kuipishanisha, mkono wa kulia unachukua chupa ya kushoto na wa kushoto unachukua ya kulia, anageuka nayo hivyohivyo mpaka kwenye matundu ya kinu. Mwaka mzima. Hajakosea hata siku moja.

Akatoa tone la dawa ya Jumatatu lililobaki, akaliweka kwenye mrija wa mwanga, kipimo ambacho sindano yake huelekea upande wa dawa. Kipimo chenyewe kinachukua saa nzima, na sheria ni kupima kila mara kabla dawa haijatoka. Jumatatu jioni mjumbe wa wodi alikuwa mlangoni anaharakisha, wagonjwa wanatetemeka, na matokeo yalikuwa hayajawahi kuwa mabaya. Aliandika "imepimwa" kwenye karatasi ya ukutani na kusaini. Hiyo saini sasa ilikuwa inamtazama ukutani.

Walisubiri. Nje mzee alikuwa anamsimulia mlinzi habari za ujana wake, na mlinzi alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Sindano ikatikisika, ikaenda kushoto.

"Wamekunywa ya kupe," Tusekile akasema.

Bupe akatazama dirishani. "Basi angalau baba hana kupe," akasema, lakini hakucheka.

* * *

Tusekile alipika upya mchana uleule kwa ile chupa nyingine, safari hii akapima kwanza, sindano ikaenda kulia. Dozi saba. Ya kulia ikiingia inaifukuza ya kushoto, mtu analala, akiamka asubuhi ni yule yule wa zamani. Mtetemo wenyewe utarudi, utachukua wiki tatu kutulia, kama kawaida. Ila lazima iingie ndani ya siku tano. Baada ya hapo ubongo unaizoea ile ya kushoto, unajenga juu yake, hakuna wa kuing'oa. Siku ya tano ni leo. Jua likizama, basi.

Alimpigia mganga mkuu wa wilaya akamwambia kila kitu, pamoja na saini. Mganga akasema mambo ya leseni watayaongea wiki ijayo, kwanza wagonjwa. Kisha Tusekile akatoka nje akawaambia wale sita, ambao Bupe alikuwa amewaita, mmoja baada ya mwingine, kwamba kosa limetokea kwenye kinu chake na yeye ndiye aliyesaini. Hati zao za nafsi zilikuwa rahisi. Siku hizo huwezi kupewa dawa ya ubongo bila hati ya nafsi: unaandika ukiwa mzima wewe ni nani, na dawa ikikugeuza ufanyweje. Wote sita walikuwa wameandika "niulizeni". Akawauliza. Wanne wakanywa. Mama wa vitumbua akasema atabaki hivihivi, biashara haijawahi kuwa nzuri namna hii. Fundi cherehani akasema anakwenda kushauriana na yule mjane, atarudi kabla ya jioni.

Ikabaki hati moja. Bupe akaikunjua, akaisoma kwa sauti akiruka jina la baba yake ili wifi yake aweze kusikiliza.

"'Mimi,' hapo jina, 'naandika kwa akili zangu. Dawa ikinigeuza tabia, nirudisheni nilivyokuwa, hata nikikataa kwa mdomo wangu. Atakayekuwa anakataa si mimi.'"

Akaikunja.

"Na anakataa," akasema. "Nimeshamuuliza. Anasema hanywi ng'o."

Sheria ilikuwa wazi na ilikuwa mbaya. Kwa hati ya namna hiyo, wahudumu wanne wanamshika mgonjwa, wa tano anamnywesha, na mtu wa kinu anasaini kuruhusu. Saini ya Tusekile tena. Alimtazama Bupe amsaidie, na Bupe akaanza kulia, muuguzi mzima, anajifuta kwa mkono wa sare.

"Wifi, jana amenikumbatia. Nina miaka thelathini na moja, ndiyo mara ya kwanza. Mimi nakuomba kama dada yako, jua lizame tu."

Tusekile alisimama na kalamu mkononi hajui aielekeze wapi. Karatasini kuna mzee anasema nirudisheni. Kwenye benchi kuna mzee anasema niacheni. Mmoja ndiye mwenye haki na mwingine ni ugonjwa, au ni kinyume chake, au wote wawili ni mtu mmoja na yeye ndiye mgonjwa. Chuoni walimfundisha kutofautisha kulia na kushoto kwa mwanga. Hawakumfundisha mwanga wa kupitisha kwa mtu.

Akamwambia Bupe amlete baba yake ndani, awaache.

* * *

Aligeuza kiti akampa mgongo. Zaidi ya hapo hakuweza. Mzee akakaa kwenye stuli nyuma yake, na mvua ya Tukuyu, ambayo huwa haichelewi, ikaanza kupiga mabati.

Tusekile akaueleza ukuta kila kitu. Dawa iliyogeuka, kipimo ambacho hakikupimwa, ng'ombe wenye kupe. Mzee akasikiliza vizuri kama mtu wa kazi anavyomsikiliza mtu wa kazi, akauliza maswali mawili ya kitaalamu, halafu akauliza Jumatatu alizichukuaje zile chupa.

"Kama siku zote," Tusekile akasema. "Nilipishanisha mikono."

Stuli ikalia, mzee akajisogeza mbele.

"Basi kosa ni langu," akasema. "Jumatatu nilizigeuza."

Tusekile karibu ageuke.

"Mwaka mzima naiona mikono yako inavyopishana humo kidirishani. Sasa tumbo limekuwa kubwa, nikawa naona unashindwa kufika, koti linabana kwenye kizingiti, na chupa zenyewe nzito. Nikasema leo nimpangie kwa upande wake, achukue moja kwa moja, asihangaike. Nilidhani utaona."

"Si ungemwambia Bupe aniambie, baba?"

"Ningemwambiaje? Kwamba nakaa pale namtazama mkamwana wangu tumbo?" Akacheka kidogo. "Leo naweza kusema. Jumatatu ningekufa kwanza."

Mvua ikazidi. Tusekile alijikuta ameweka kiganja juu ya tumbo, na huko ndani mtu mdogo akampiga teke.

Mzee akasema yule aliyeandika ile karatasi anamfahamu vizuri kuliko mtu yeyote. Ni mwoga. Aliishi na mke miaka thelathini na minane hakumwambia neno moja la maana, mpaka akamzika, na pale kaburini pia hakusema kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Ana binti mmoja, hajui kama anapenda sukari nyingi kwenye chai. Wanataka wamrudishe huko? Kwa haki ipi? Alisema haya bila hasira, kama anayeomba apishwe njiani.

"Sasa niambie wewe," akasema. "Unamtaka yupi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Tusekile swali gumu kama hilo, na kibaya zaidi jibu alikuwa nalo.

"Nakutaka wewe," akauambia ukuta. "Mtoto huyu angekuwa na babu anayepiga mluzi. Lakini aliyezigeuza chupa Jumatatu ni yule mwingine, baba. Alikuwa hajanywa kitu, na bado alinihurumia."

Akakisogeza kikombe cha dawa ukingoni mwa meza.

"Na sisaini," akaongeza. "Hakuna atakayekushika. Wakitaka leseni waichukue. Kikombe hiki hapa, jua limebakiza saa moja na nusu kuzama. Ukiamua kwenda nyumbani, nenda."

Akasikia stuli inasogezwa. Akasikia hatua, kisha mlango wa mbele unafunguka, mvua inaingia kwa sauti, mlango unafungwa. Ameenda, akawaza, na hakujua kama alichokisikia kifuani ni nafuu au msiba. Akakaa hivyohivyo na kalamu yake. Dakika zikapita. Akaanza kufikiria atamwambia nini Lusekelo, ataanzia wapi.

Kidirisha kikagongwa mara moja.

Akainuka, akafungua upande wake. Upande wa pili mlango mdogo ulikuwa wazi, na mkono wa mzee umelala pale katikati, kiganja juu, umelowa mvua, umetulia kama kitu kilichochongwa. Tusekile akaleta kikombe. Mikono yake ikataka kupishana kwa mazoea. Akaizuia, akakiweka moja kwa moja kwenye kiganja.

Mkono haukuondoka.

"Nikinywa sasa hivi," mzee akauliza kutoka huko, "inachukua muda gani?"

"Utalala, baba. Ukiamka asubuhi ni wewe wa zamani."

"Wa zamani." Akafikiri. "Bupe anapenda sukari ngapi?"

"Tatu."

"Nimwandikie mahali." Ikasikika penseli inakwaruza kwenye mbao za ukuta, kwa haraka, halafu ikatulia. "Nina mengi, mwanangu. Kuna jina nimemfikiria huyo mtoto. Na kuna habari za bibi yake, siku tuliyovuka mto na mbuzi, utacheka mpaka mwisho."

"Niambie sasa," Tusekile akasema, na alikuwa ameinama mpaka paji la uso limegusa kizingiti. "Niambie sasa hivi, baba, muda upo."

Mkono ukakikamata kikombe, ukarudi ndani polepole. Akamsikia akimeza, mafunda matatu. Kisha vidole vikatokea tena, vikashika mlango mdogo ili kuufunga.

"Umechoka, umesimama tangu asubuhi. Nenda kakae," mzee akasema. "Mengine nitakwambia kesho."